Majina Manne Juu ya Magurudumu

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nikiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, ndevu zangu ndiyo kwanza zinatafuta pa kuota. Nilikuwa nimefunua boneti ya pikapu ya ami yangu pale uani kwetu, mtaa wa Barani, Malindi, namimina mafuta ya breki kwenye kikopo chake. Ilikuwa mara ya tatu wiki ile. Kila nikimimina nilitupa jicho mlangoni, kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani, kwa kuwa sikutaka ami anione.

Nakuanzia hapo, kwenye lile jicho la mlangoni, kwa sababu mengine yote yalitoka humo. Mtu akianza kutazama mlango kabla ya kufanya jambo, nafsi yake imekwisha kumhukumu. Kilichobaki ni yeye kukubali hukumu.

Wewe pengine unanijua kwa chaki na ubao wa chuo cha Kurani, ambako Mwenyezi Mungu amenijaalia kusomesha watoto miaka mingi, alhamdulillahi. Lakini kabla ya chaki nilishika usukani. Baba yangu alifariki ningali mdogo, na ndugu yake, Ami Mbwana, akanilea mimi na dada yangu Rukia. Alikuwa na pikapu moja kuukuu, rangi ya maziwa iliyokwisha kufifia, na kazi yake ilikuwa kuchukua chumvi ya mawe Marereni na kuileta kwenye maduka ya Malindi. Nilipotimiza miaka ishirini alinipa ufunguo, akanipa na sharti.

"Chumvi, Shee, si watu. Siku utakayokomaa nitakwambia mwenyewe."

Wiki ile siku hiyo ilikuwa imefika. Binamu yetu Zuhura, binti wa marehemu shangazi yangu, alikuwa anaolewa Gongoni siku ya Ijumaa baada ya sala. Hakuwa na mama wa kumsimamia. Kwa hivyo wanawake wanne wa nyumba yetu walikata shauri kwenda kuwa mama zake na kumpikia karamu: mama yangu mzazi; Bi Amina, ambaye ni mama yangu mkubwa; Bi Fatuma, mke wa ami; na dada yangu Rukia, aliyekuwa na mimba ya miezi saba na hakuna aliyethubutu kumzuia. Ami aliniita akaniambia, "Alhamisi asubuhi peleka masufuria na mchele. Alasiri urudi uwachukue mama zako. Sasa umekomaa."

Lile neno "umekomaa" lilinipanda kichwani. Ningemwambia ami kwamba breki zinazama, angenipokonya ufunguo pale pale. Nikanyamaza.

Hebu nikueleze habari ya breki zenyewe, ili usipotee. Dereva akikanyaga, husukuma mafuta, na mafuta yale hupita kwenye mabomba membamba ya chuma yaliyo chini ya gari mpaka magurudumuni. Magari ya siku hizi yana njia mbili za mafuta, moja ikifa nyingine hubaki. Letu, kwa ukale wake, lilikuwa na njia moja tu. Bomba moja likipasuka popote pale, magurudumu yote manne yanakuwa mayatima.

Na sisi tulikuwa watu wa chumvi. Chumvi mbichi haikauki. Hutoa jasho, na jasho lile hupenya kwenye bodi likadondokea mabomba siku baada ya siku. Bandu bandu huisha gogo. Tena, kwa ujuzi wetu wenyewe, tukaongeza balaa juu ya balaa. Asili yetu ni visiwa vya kaskazini, na wazee wetu walikuwa watu wa vyombo vya bahari. Walipaka mbao za vyombo vyao mafuta ya papa ili maji ya chumvi yasizile. Ami, kwa mapenzi ya mambo ya baba zake, akayaleta mafuta yale kwenye pikapu. Kila mwezi ukiandama nililala chini ya gari na kopo na tambara, nikapaka kila chuma nilichokiona. Gari likang'aa chini kama samaki. Harufu yake, astaghfirullah! Lakini tulijiona tumeishinda chumvi.

Miezi ikapita. Kanyagio la breki likaanza kuzama. Kwanza robo, kisha nusu. Nikajifunza kulipiga mara tatu kwa haraka kabla halijashika, na wenzangu wakanisifu kuwa Shee ana mguu mwepesi. Nami nikaifanya ile aibu kuwa fahari. Tazama jinsi nafsi ilivyo fundi wa kupaka rangi.

Basi Alhamisi ile niliondoka na masufuria sita makubwa na magunia ya mchele. Ukitoka Malindi kuelekea kaskazini, barabara huteremka kabla ya daraja la Sabaki. Nikafika kwenye mteremko, nikakanyaga breki. Mguu ukaenda hadi chini, kama mtu aliyekosa kidato cha ngazi gizani. Nikapiga mara moja, mbili, tatu. Upepo mtupu. Na mbele yangu palikuwa na mzee juu ya baiskeli, amefunga magunia mawili ya mkaa, amenipa mgongo.

Nikavuta breki ya mkono, nikarudisha gia mpaka injini ikapiga ukelele, nikalielekeza gari kwenye ukingo wa mchanga. Likalima mchanga ule, likapinda, likasimama. Sufuria moja likaruka kutoka nyuma, likateremka peke yake barabarani, ngo-ngo-ngo, likampita yule mzee na baiskeli yake, likaenda kulala karibu na daraja. Mzee akashuka, akaliokota, akaniletea kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimeketi nje mchangani.

"Kijana," akaniambia, "sufuria lako limejua pa kusimama. Gari lako je?"

Hakujua kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimuue. Nilimwambia ahsante, nikainamisha uso.

Mtu mwenye akili angegeuza njia akarudi nyumbani kwa miguu. Mimi nilimshukuru Mungu kwa ulimi, kisha nikamkosea kwa mkono. Nililala chini, nikaona bomba la gurudumu la nyuma kushoto linavuja. Nikachukua nyundo, nikalipiga bomba lile likawa bapa, nikalikunja, nikalipiga tena, mafuta yasifike huko kabisa. Ni hila ya madereva wa zamani, na nasikia hata leo iko. Unaliua gurudumu moja ili matatu yashike. Nikajaza mafuta yaliyobaki chupani, nikaondoka na breki za magurudumu matatu.

Gongoni nilimkuta Zuhura mlangoni, hina bado mbichi mikononi. Akaniuliza, "Kaka Shee, mama zangu wanafika saa ngapi?"

"Alasiri, inshallah," nikamjibu.

Neno lile, mwanangu, bado nalitubia. Inshallah ni neno la mtu aliyefanya la kwake akamwachia Mungu lililo la Mungu. Mimi nililitumia kufunika tundu.

Mafuta ya breki yalikuwa yamekwisha. Nikaenda kwa Fundi Karisa, Mgiriama kutoka upande wa Marafa, aliyekuwa na kibanda cha mabati kando ya njia iendayo kwenye mashamba ya chumvi. Magari yote yaliyoliwa na chumvi yaliishia kwake. Nilimkuta ameketi juu ya tairi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwana wa Barani. Harufu yako imefika kabla yako. Paka wangu amesimama tangu ulipopita dukani kule."

"Naomba mafuta ya breki kidogo, fundi. Nina haraka."

"Mafuta ya breki hayanywewi," akasema huku anainuka. "Yakipungua yametoka, na yakitoka yana mlango. Hebu tuuone huo mlango."

Hakuningoja. Alitandika gunia, akajiingiza chini ya gari na bisibisi mkononi. Nikamsikia anakwangua. Kisha akaniita nilale kando yake, na shati langu limepigwa pasi. Alikwangua utando wa mafuta ya papa, mzito kama ukoko wa wali, na chini yake chuma kilikuwa kimefura, chekundu, kinamomonyoka. Akalibonyeza bomba kwa ncha ya bisibisi. Bisibisi ikazama.

"Nani kawafundisha haya mafuta?"

"Ndivyo tufanyavyo vyombo, fundi. Tangu wazee."

"Ubao hunywa mafuta ukashiba, chumvi ikakosa pa kuingia. Chuma hakinywi. Nyinyi mmeikuta chumvi juu ya chuma, mkaifunika blanketi ilale vizuri." Akasogea nyuma. Akalifikia lile bomba nililolikunja, akaligonga kwa bisibisi. "Na hili la nyundo ni la nani?"

"Langu."

"Lini?"

"Leo. Pale Sabaki."

"Na jioni hii gari linakwenda wapi?"

Nikamwambia ukweli, maana chini ya gari mtu hana pa kutazama pengine. Nikamwambia nakwenda Barani kuwachukua mama zangu kwa ajili ya arusi. Kisha nikajaribu mara ya mwisho: "Nibadilishie hili moja tu, fundi. Muda hautoshi. Hayo mengine Mungu atayalinda, nimeshatawakali."

Fundi Karisa alitoka chini ya gari, akajifuta mikono polepole.

"Mimi sikusoma chuoni kwenu," akasema. "Lakini hebu niambie. Ulipokuwa unapiga nyundo pale Sabaki, ulikuwa umetawakali, au ulikuwa umejificha?"

Nilikuwa nimehifadhi juzuu nyingi kifuani, na mtu asiyejua hata alifu alikuwa amenishika mahali ambapo walimu wangu hawakunishika.

Akaingia kibandani, akatoka na kipande cha chaki aliyotumia kuwekea alama vyuma. Akanipa. "Andika kwenye bodi, juu ya kila gurudumu, jina la mtu atakayeketi hapo."

"Kwa herufi gani?"

"Za kwenu. Mimi sisomi hata moja. Wewe ndiye utakayesoma."

Nikaandika kwa herufi za Kiarabu, kama nilivyofundishwa na kama mama zangu walivyojua kusoma. Nyuma kulia, Bi Amina. Mbele kushoto, Rukia, kwa kuwa kwa hali yake angeketi ndani. Mbele kulia nikataka kuandika jina langu mwenyewe, na fundi akaniuliza naandika nini. Nilipomwambia, akakataa. "Wewe una usukani. Andika yule asiye na usukani." Nikamwandika Bi Fatuma, ambaye angeketi kati yangu na Rukia. Likabaki gurudumu la nyuma kushoto, lile nililoliua. Upande huo ndio mama yangu alioupenda siku zote, aegemee bodi na kulipa jua mgongo. Nikaandika: Mama.

"Haya," akasema Fundi Karisa. "Sasa nichagulie bomba la kuacha."

Nilizunguka gari lile, mwanangu. Nililizunguka kweli, kana kwamba chaguo lipo. Niliposimama tena mbele ya neno Mama, chaki ilikuwa imevunjika mkononi mwangu.

"Yote, fundi."

"Yote. Na utayafunga wewe. Mimi nitakaa hapa na paka."

Lakini kabla ya spana ya kwanza nilikuwa na mambo mawili mazito kuliko spana. La kwanza lilikuwa kumwambia Zuhura. Nilirudi nyumbani kwao, nikasimama pale pale nilipotia neno la Mungu kwenye uongo, nikamwambia mama zake hawaji leo, na kwa nini. Nilidhani atalia. Aliinua mikono ili hina isiharibike.

"Nimeshakosa mama mmoja, kaka," akasema. "Hawa wanne nitawangoja."

La pili lilikuwa barua. Simu za mkononi hazikuwapo, na basi la siku ile lilikuwa limeshapita. Dereva mmoja wa lori la chumvi alikuwa anatoka Marereni kwenda Malindi, nikamwomba amfikishie ami karatasi. Niliandika: *Ami, breki za gari ni mbovu. Nilijua, nikaficha. Nafunga mabomba mapya Gongoni. Mama wasinitarajie leo.* Barua ile ilikuwa fupi, lakini neno "nilijua" peke yake lilinichukua muda kuliko maneno mengine yote. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi Mungu alinihurumia, akaniacha nijiumbue kwa kalamu.

Kisha nikafanya kazi. Nati zilikuwa zimeganda kama meno kwenye taya la papa. Tulizilowesha mafuta ya taa, tukazigonga taratibu, tukangoja, tukazilowesha tena. Vidole vyangu vilichubuka mpaka damu. Nilipotaka kutumia nguvu, fundi alinikemea kutoka juu ya tairi lake: "Usiivunje kwa hasira. Haijakukosea. Wewe ndiye uliyeikosea."

Bomba jipya lilikuwa la shaba, limeviringwa kama nyoka, nalo halipati kutu. Kila bomba la zamani lilipotoka tulililaza juu ya gunia, nikalikunja jipya kwa mfano wake, kona kwa kona. Mdomo wa bomba hupanuliwa kwa kifaa chake ili ukae sawasawa kwenye kiungo. Bomba langu la kwanza nililipanua vizuri sana, likapendeza, nikalionyesha kwa majivuno. Nilikuwa nimesahau kuvisha nati kwanza. Mdomo ukishapanuka, nati haipiti tena.

"Hongera," akasema fundi. "Umevaa kofia nzuri, sasa shati litapitia wapi?"

Nikakata mdomo ule, nikaanza tena. Na la tatu nikakosea vivyo hivyo. Hapo fundi hakucheka. Alinipa kata ya maji ninywe, akaniambia, "Bado mwili wako uko barabarani. Utue hapa." Nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi mikono yangu ilikuwa imetulia, na sikukosea tena.

Alasiri lile lori lilirudi tupu, na ami akashuka kutoka mbele, penye nafasi ya mtu mmoja. Nilisimama na mikono yangu myeusi.

"Shikamoo, ami."

Aliitika marahaba, lakini macho yake yalikuwa kwenye gunia yalipolazwa mabomba ya zamani. Akaokota moja, akalishika kwa vidole viwili viwili. Likakatika kama mkate mkavu. Akaokota la pili, likakatika. La tatu hakuliokota.

"Mafuta ya papa niliyaleta mimi," akasema. Alimwambia fundi, si mimi. Kisha akanigeukia. "Breki sikuzikasirikia, Shee. Chuma huchakaa, na ujinga wa mafuta ni wangu. Nimeikasirikia barua. Ni barua nzuri, lakini ilitakiwa kufika Jumatatu. Ufunguo uko wapi?"

Nikampa. Akautia mfukoni mwa kanzu, na hatukuuzungumza tena. Jua lilipozama tulikuwa tumebakisha kutoa upepo tu, na fundi akasema hiyo si kazi ya macho yaliyochoka. Tukalala kwa jamaa wa bwana arusi, tukaswali alfajiri, tukarudi.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili, mwanangu, na hakuna anayeiweza peke yake. Mafuta mapya yakipita kwenye bomba jipya, hewa hubaki humo, na kanyagio hulegea vile vile. Basi mmoja hukaa juu akakanyaga, mwingine hulala chini penye gurudumu, akafungua nati ndogo ili hewa itoke kwenye mpira mwembamba hadi chupani, akafunga kabla wa juu hajaachia. Ami alipanda juu. Mimi nikalala chini ya jina la mama.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shika, ami, usiachie!"

"Nimeshika!"

Mapovu yakatoka, bubu-bubu-bubu.

"Achia!"

"Shee, mguu wangu ni wa mzee, mpaka lini?"

"Mpaka mapovu yaishe," akaitika Fundi Karisa badala yangu. "Mguu wa mzee hausemi uongo. Tena!"

Tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na kanyagio, tukaja karibu, tukarudia mpaka mafuta yakatoka safi bila hata chembe ya hewa. Huwezi kumdanganya mwenzako katika kazi ile. Ukisema umeshika nawe umeachia, hewa inarudi ndani na kazi yote inaharibika. Nilikuwa nimeishi na ami miaka mingi, na nadhani asubuhi ile ndiyo mara ya kwanza tuliambiana ukweli kwa mfululizo.

Kwa majaribio fundi alituwekea magunia manne, moja karibu na kila jina. Ya mchanga, si ya chumvi. "Chumvi na gari hili wapumzike kwanza," akasema. Ami aliendesha mpaka tukavuka daraja la Sabaki, akapanda mlima, akageuza gari pale juu, pua ikatazama ule mteremko wa jana. Akazima injini. Akautoa ufunguo mfukoni, akanipa. Kisha akashuka, akapanda nyuma, akaketi juu ya gunia lililo kwenye jina la mama.

"Ami, njoo mbele," nikamwambia.

"Mbele pana usukani. Teremka."

Niliteremka huku nasoma kila nilichokihifadhi. Katikati ya mteremko nikakanyaga. Kanyagio likanipokea juu, gumu, kama mkono wa mtu anayekusalimia kwa nia. Gari likasimama hata gunia halikuhama. Tukapanda tena, tukateremka tena. Mara tatu. Mara ya tatu ami aligonga paa kwa kiganja, akaniambia, "Basi. Mama zako wanangoja."

Barani walikuwa wamejipanga barazani, mabuibui yamenyooshwa, vikapu vya viungo miguuni. Hakuna aliyenikaribisha. Barua yangu walikuwa wameisoma wote. Mama yangu alisimama mbele ya gari na mkono kiunoni.

"Jana ulijua," akasema. "Leo unajua nini?"

"Najua mabomba yote ni mapya, mama. Nimeyafunga kwa mkono wangu, na ami ameketi mahali pako mlimani Sabaki mara tatu."

Akalizunguka gari, kama nilivyolizunguka mimi. Akasoma. "Rukia, umeandikwa hapa. Bi Fatuma, na wewe." Alipofika nyuma kushoto aliinama, akaligusa neno lile la chaki, halafu akatazama vidole vyangu vilivyochubuka. Alivua viatu, akapanda, akaegemea pale pale penye jina lake, akapiga bodi kwa kofi. "Bismillahi. Twende kwa mtoto wetu."

Tulifika Gongoni vitunguu vikiwa vimeshaanza kukaangwa na majirani, nao wakatupokea kwa vigelegele na kejeli. "Barani wamekuja kula au kupika?" Zuhura alitoka nje kabla ya wakati wake, akawashika mama zake mmoja mmoja akiwahesabu kwa kuwagusa mabega. Wanne. Hakuna kitoweo cha arusi ile ninachokikumbuka. Nakumbuka ile hesabu.

Miaka imekwenda. Ami amefariki, Fundi Karisa amefariki, mama yangu amefariki kitandani mwake kwa uzee, na kwa hilo namshukuru Mungu kila sala. Juzi kijana mmoja niliyemsomesha alinijia kuniamkua. Ana pikapu, anachukua chumvi huko huko Marereni, na wakati mwingine anapakia watu. Nikamuuliza habari ya gari. Akaniambia, "Breki zinashika kidogo, maalimu, lakini nimeshazizoea." Nikamrudisha kwenye mkeka, nikamsimulia haya niliyokusimulia wewe. Kisha nikampa chaki.

Basi nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Kitu kinachowabeba watu, kiwe gari, kiwe ndoa, kiwe amana uliyopewa kazini, kikianza kulegea usijifunze kukizoea. Sema siku ile ile, kwa yule unayemwogopa hasa, hata ukipokonywa ufunguo. Ufunguo hurudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna kuta ambazo hazijengeki tena. Usipake juu ya kutu kitu cha kung'aa, hata kama wazee wako walikipaka mahali pengine kikafaa. Wapende wazee wako, na bado uwaulize kama ubao na chuma ni kimoja. Bomba moja likioza kwa chumvi, jua yote yamekunywa chumvi ile. Badilisha yote, wala usichague. Na usimtwike Mungu kazi ya spana yako. Funga kwanza, kaza, jaribu mlimani, ndipo useme umetawakali, na tawakali yako itakuwa ibada. Ukikosa kujua uanzie wapi, andika jina la asiye na usukani juu ya gurudumu, ulisome kwa sauti.

Mwenyezi Mungu akupe moyo usiotazama mlangoni. Akupe fundi atakayekukemea na ami atakayekaa nyuma yako mteremkoni. Akujaalie kila uliyempakia ashuke salama mlangoni kwa wanaomngoja, na wakihesabiwa, watimie. Amina.